Wageni Wodini: Mwongozo kwa Muuguzi Anayepokea Wanafunzi Kutoka Nje

Metroni amekuita ofisini akakuonyesha barua: wanafunzi wawili wa uuguzi kutoka Ujerumani watafika Jumatatu, watajitolea wiki sita, na mmoja amepangiwa wodi yako. Hukuulizwa. Ukisema kweli, ulichokuwa unakitaka ni muuguzi mmoja zaidi wa zamu ya usiku, si mgeni wa kuonyeshwa ndoo inakaa wapi. Lakini barua imeshajibiwa, na ukifanya kazi katika hospitali ya misheni mkoani Tanga, iwe Muheza au Bumbuli au Lutindi, wageni wa namna hii utawapokea mpaka ustaafu.

Jambo lenyewe si geni huku. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Magila, jirani na Muheza, miaka ya 1860. Walutheri wa Ujerumani wakapanda Usambara. Pale Lutindi walianza mwishoni mwa karne ya 19 na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, kongwe kuliko zote za aina yake Afrika Mashariki. Watu wa zama zile walikuja kukaa, na wengine walizikwa huku huku. Wa leo wanakuja na tiketi ya kurudi mfukoni. Tanga inaitwa "waja leo waondoka leo" kwa sababu zake nyingine, lakini jina hilo linawaenea hawa barabara. Na hapo ndipo ugumu ulipo: wa miaka kumi angejifunza taratibu kwa macho yake, wa wiki sita lazima umfundishe wewe, tena katika siku chache za mwanzo.

Miongozo ya wanaokuja imeandikwa mingi: chanjo zipi, nguo zipi, dawa gani ya mbu. Huu ni wako wewe unayepokea. Na una msimamo mmoja tu, mengine yote yanatoka humo: huyu ni mwanafunzi. Si daktari, si mfadhili, si nguvukazi iliyoshuka kuziba pengo la ikama. Ukimshika kama mwanafunzi, atakufaa. Ukimshika kama kitu kingine chochote, atakayelipa ni mgonjwa.

Karatasi kwanza

Hili si la kulimaliza wodini, lakini liulize kabla mtu hajavaa glovu. Kazi ya uuguzi nchini inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2010, na mtu ambaye hata kwao hajasajiliwa hawezi kuwa muuguzi huku kwa kuvuka bahari. Upande wa Uhamiaji, wanaojitolea wana kibali chao, cha ukaazi daraja C. Viza ya matembezi ni ya matembezi. Kwa wanaokuja kwa muda mfupi, ofisi ya hospitali iulize Uhamiaji mapema kibali kinachofaa, kabla mgeni hajakata tiketi. Akikutwa wodini na viza ya kitalii, matatizo hayatakuwa yake peke yake.

Chuo chake kiandike mambo mawili kwa maneno yanayoeleweka: yuko mwaka wa ngapi, na kwao anaruhusiwa kufanya nini na chini ya usimamizi wa nani. Barua hiyo ibandike chumba cha wauguzi. Asichoruhusiwa kukifanya kwao, hakifanyi hapa. Kuna wanaokuja kwa matumaini kwamba Afrika watashika vitu ambavyo kwao wangengoja miaka mitatu kuvishika. Wengine wanasema waziwazi, wengine utawaona kwa macho tu namna wanavyokodolea chumba cha upasuaji.

Kama amepitia wakala, mwombe mkurugenzi aulize mgeni amelipa kiasi gani na hospitali imepata nini katika hizo. Pesa ya kulipia glovu atakazotumia inapaswa kufika mahali glovu zinaponunuliwa.

Jina kifuani

Mzungu akivaa koti jeupe, wodi nzima itamwita daktari. Ataitwa daktari na mgonjwa, na ndugu wa mgonjwa, na mlinzi wa getini. Usiliache lipite hata siku moja. Mtengenezee kitambulisho chenye neno MWANAFUNZI kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mlangoni, na koti jeupe lirudi begini. Avae sare ya chuo chake.

Kisha, kwa kila mgonjwa, mtambulishe kwa kinywa chako. "Mama Asha, huyu ni mwanafunzi, anasomea uuguzi kwao. Naomba akupime presha nami nikiwa hapa. Ukipenda nikupime mwenyewe, nitakupima." Sentensi ya mwisho usiiruke. Mama wa Pangani au Mkinga aliyesafiri na mtoto mgongoni hatamkatalia mgeni hivi hivi tu. Ameshaona aibu kabla hujamaliza kusema. Mwachie mlango wa kukataa ulio wazi kabisa, na umtazame uso. Na kwa huduma za sehemu za siri, uzazi, kuogesha wanawake, kijana wa kiume wa kigeni asitumwe kabla mgonjwa hajaulizwa faragha. Pwani hii, ndani ya hospitali ya kanisa, wagonjwa wengi ni Waislamu, na mama anayejifunika kanga mpaka kichwani akiwa na homa ya nyuzi 39 anakueleza jambo.

Wale wenye asili ya huku, kama aliyezaliwa Uingereza na wazazi wa Muheza, usiwaruke katika mafunzo ya mwanzo kwa kuwa wanasema Kiswahili. Wanasema cha nyumbani. Cha wodini hawakijui, na kwa kuwa wanaona haya kuuliza, wao ndio watakaokosea kimya kimya.

Mgonjwa akisema nzuri

Mgeni huja na kijitabu chenye maneno mia mbili ya Kiswahili. Wewe mpe machache, ya kazi. Shikamoo kwa kila aliyemzidi umri, na asiogope kuizidisha. Hodi kabla ya kuvuta pazia. Pole, kila wakati. Umekula? Umekojoa? Wapi panauma? Halafu moja ambayo ataikariri mpaka aiote usiku: "Ngoja nimwite sista." Hiyo ndiyo itakayookoa watu.

Sasa kuna jambo ambalo kijitabu hakimwambii. Asubuhi anapita kitandani, anauliza, "Habari za asubuhi, bibi?" Bibi, ambaye hajalala usiku kucha, anajibu, "Nzuri tu, mwanangu, nashukuru Mungu." Mgeni anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, anahamia kitanda cha pili. Angesimama kidogo angesikia yanayofuata: "Nzuri, ila hiki kifua kinanibana tangu alfajiri." Taarifa zote za maana zinakaa baada ya "ila". Mfundishe kungoja. Mketishe pembeni ya kitanda, mwambie ahesabu mpaka kumi kimoyomoyo baada ya kila "nzuri", bila kugusa kalamu. Wanafunzi wetu wenyewe wanahitaji zoezi hili, siwafichi.

Mwandalie pia msamiati wa maumivu ya huku: tumbo kusokota, mwili kuchomachoma, moyo kwenda mbio, joto la ndani. Na degedege. Ajue mapema kwamba mtoto wa degedege huenda alipitishwa kwanza kwa mganga, kwamba familia nyingi za pwani hazioni hilo kuwa ugonjwa wa hospitali, na kwamba akikunja uso mbele ya bibi wa mtoto, safari ijayo bibi huyo atachelewa zaidi kumleta. Ukimkuta mtoto ana hirizi mkononi, palepale kanyula inapotakiwa kuingia, mgeni asishike mkasi. Mwambie bibi: "Hapa nataka kuweka dripu, hii naomba uisogeze wewe mwenyewe." Ataihamishia mkono wa pili na mambo yataendelea.

Milimani, Lushoto na Bumbuli, kuna wazee ambao Kiswahili chao ni cha mkato na Kisambaa ndiyo lugha yao. Hapo hata wewe unahitaji mkalimani, na mgeni akikuona ukimwomba mhudumu akutafsirie atajifunza kitu ambacho hukupanga kumfundisha.

Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema hivyo, ila hawakusema jembe lipi. Langu ni hili: kupima joto, mapigo, upumuaji na presha, na kuyaandika kwa saa yake, kuosha mgonjwa asiye na ndugu, kumlisha, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, kutandika vitanda, kuandaa trei ya vifaa. Atasema, au atanuna bila kusema, kwamba hakuvuka bara kuja kutandika. Mwambie bila ukali kwamba huo ndio uuguzi, na kwamba mgonjwa anayepimwa upumuaji kila baada ya saa nne kwa dakika nzima, si kwa kukisia, ni adimu katika wodi yenye muuguzi mmoja usiku. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulifanya, na faida yake ni kubwa kuliko kushona jeraha.

Majembe asiyopewa: kuzalisha peke yake, kushona, kutoa maji ya uti wa mgongo, kukokotoa dozi ya mtoto bila mtu wa pili kuihakiki, kumweleza mgonjwa majibu ya VVU. Hakuna "leo tu kwa kuwa tumezidiwa". Siku mliyozidiwa ndiyo siku ambayo hamna wa kumsimamia.

Kuna jembe lingine linalonikera zaidi kuliko yote likienda kwa asiye wake. Wanafunzi wa vyuo vyetu wana kitabu cha mazoezi cha kujaza: wazazi waliowazalisha chini ya usimamizi, wagonjwa waliowahudumia. Bila kukijaza hawahitimu. Nimeona binti wa hapa hapa mkoani akisogezwa pembeni ya kitanda cha kujifungulia, na kitabu chake bado kina nafasi tupu, ili mgeni wa wiki tatu ashuhudie kwa karibu. Huyo binti ndiye atakayekuwa zamu ya usiku Handeni miaka mitano ijayo. Nafasi ya kwanza ni yake. Mgeni asimame nyuma, aangalie, ashike taulo la mtoto. Ukiweza, wapange wawili wawili, wa kwetu na wa kwao, na wa kwetu ndiye aongoze. Utashangaa jinsi wanavyofundishana.

Siku ya huduma za mkoba mpeleke. Pale chini ya mwembe mzani umening'inizwa kwenye tawi, watoto wanatiwa kwenye kikaptula cha kupimia wakipiga kelele, kina mama wamepanga foleni ya kadi kwenye benchi. Mkabidhi mzani. Kabla ya kila mtoto, mshale urudishwe sifuri; mtoto aachwe atulie kabla ya kusoma; nukta iwekwe kwenye mstari wa mwezi sahihi wa kadi. Kisha muulize mstari unasema nini. Mstari uliokuwa ukipanda na sasa unalala bapa miezi mitatu mfululizo, hilo ndilo somo, na mgeni anaweza kulisoma hata kabla ya kujua Kiswahili.

Usimdharau mgeni, wala usijidharau

Baadhi yetu tukisimama na mgeni kutoka Ulaya tunajiona wadogo. Yeye amesoma na vifaa, sisi tunafunga dripu kwa plasta. Basi jua ilipotoka elimu anayoisoma.

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliolinganisha artesunate na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Hospitali ya Teule Muheza ilikuwa moja ya vituo vyake. Waliopata artesunate walifariki wachache zaidi, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake wa kutibu watoto hao.

La pili linamgusa mgeni wako moja kwa moja. Kwao amefundishwa kwamba mtoto aliyeishiwa nguvu, mikono ya baridi, damu inachelewa kurudi ukimbonyeza kidole, apewe haraka maji mengi ya mshipani kwa mkupuo. Utafiti uitwao FEAST ulilipima hilo kwa zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali na dalili hizo, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Teule, Muheza. Matokeo yalitoka 2011 na yaliwashangaza hata watafiti. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa mkupuo walifariki kama 10 au 11. Katika wasiopewa mkupuo, 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Kwa hiyo mgeni akikuona hufungui dripu ikatiririka, akakutazama kama unayemnyima mtoto tiba, mketishe umweleze. Umweleze pia mipaka ya matokeo hayo: watoto wa kuharisha, wenye utapiamlo mkali na walioungua hawakuwemo katika utafiti ule, na wana miongozo yao. Halafu mwambie ulifanyika kilomita ngapi kutoka alipokaa. Na akikuuliza swali usilojua jibu lake, sema hujui, mkalitafute pamoja kwenye mwongozo wa Wizara. Mengine anayajua yeye. Kuosha mikono kati ya kitanda na kitanda, wengi wao wanafanya bila kukumbushwa, na hapo sisi ndio tuwe wanafunzi.

Sindano, usiku

Swali la kulijibu kabla hajafika: akijichoma sindano saa nane usiku, nani ana ufunguo wa kabati la dawa za kinga ya VVU? Kama jibu ni "mpaka asubuhi", lirekebishe leo, kwa faida yako wewe mwenyewe kwanza. Ajue kwa moyo: aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiminye jeraha, asimwagie spiriti wala dawa ya madoa, aseme papo hapo. Dawa zinaanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 kwa vyovyote, na zinanywewa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B awe ameimaliza kwao, maana dozi zake tatu huchukua kama miezi sita. Na asirudishie kifuniko cha sindano. Kisanduku cha sindano kikijaa robo tatu, kifungwe. Wageni wanajichoma zaidi wakiwa wanaharakisha ili wasionekane wazembe, hivyo usimharakishe.

Bodaboda nayo ni hatari kuliko mbu. Kofia ngumu, na asipande usiku.

Simu, sala na masanduku

Picha za wagonjwa, hapana. Si "uliza kwanza". Mgonjwa aliyelala hana uwezo wa kukukatalia, na mtoto wa utapiamlo aliyepigwa picha atazunguka dunia akiwa uchi kwa miaka ishirini. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika zile nyeti. Simu ikae kabatini wakati wa zamu. Pale Lutindi, ambapo wagonjwa wanaonekana bustanini na kwenye chai wakifanya kazi kama mtu yeyote, kishawishi ni kikubwa zaidi, na ugonjwa wa akili una aibu yake vijijini. Kaza hapo.

Sala ya asubuhi ni ya wanaopenda. Mgeni asiye na dini aambiwe anakaribishwa na halazimishwi, na aliye na dini sana aambiwe kwamba wodi si mahali pa kuhubiri. Ramadhani akimkuta mgonjwa amefunga na anakataa dawa ya mchana, asibishane naye dini, akuite. Wewe utajua kama ni wa kubadilishiwa saa za dawa au wa kuletewa shehe amweleze ruhusa aliyonayo.

Masanduku yao huja yamejaa. Dawa zisiingie kwa begi: kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kuna mfamasia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda. Mashine ya kutoka Marekani iliyotengenezwa kwa volti 110 itaungua mara ya kwanza ukiichomeka. Andikeni orodha ya mnachokihitaji, mtume kabla: vipima joto, mikanda ya presha ya watoto, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Na zawadi binafsi, hasa pesa, kaa nazo mbali. Usimweleze habari za ada ya mtoto wako. Ukishamwomba hutaweza tena kumwambia kwamba amekosea.

Mtoto akifariki

Atafariki mmoja katika wiki hizo sita, na huenda mgeni hajawahi kuona maiti ya mtoto. Kwao kifo kama hicho ni dharura ya hospitali nzima. Hapa mama atafunika uso kwa kanga, baba atauliza habari za gari, na ndugu watataka kuondoka mapema ili wazike leo leo. Mgeni anaweza kuuchukulia utulivu huo kuwa ni kutojali. Mtoe nje, mpe maji, akilia alie. Mweleze baadaye, si wakati huo, kwa nini haraka ya kuzika ni heshima. Na usimwache aende peke yake hosteli jioni hiyo.

Siku ya kuondoka ataleta fomu ya chuo: saa alizofanya, alama, sahihi yako na muhuri. Ijaze kwa haki. Pale alipokuwa hodari, taja alichokifanya na kwa mgonjwa wa aina gani, maana walimu wake hawana njia nyingine ya kujua. Pale alipokuwa dhaifu, andika vilevile; wageni nao hufeli. Na saa andika zile tu unazoziona kwenye daftari la zamu. Kama wiki mbili za mwisho zilikuwa za ufukweni Ushongo na Zanzibar, fomu isomeke wiki nne.